Vyumba Sita na Spana Moja

2 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama hajambo? Mimi mzima, ila wodi imejaa wagonjwa mpaka kwenye korido.

Baba, wakati umefika. Miaka tisa ya kujibana huku ugenini, na sasa akiba inatosha kununua kitu kimoja. Kimoja tu, kwa hiyo tukikosea ndiyo basi. Kiwanja cha pembezoni ni rahisi na kitapanda bei, lakini hakiingizi kodi. Nitakisubiri nikiwa huku huku mpaka niote mvi. Nyumba ya kupangisha inaleta kodi kila mwezi, ila ina paa, ina wapangaji, ina mabomba. Mimi nataka kurudi nyumbani. Nikagulie basi, na iwe kukagua tu. Nakujua.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi tu. Mama yako anauliza kama unakula.

Nimeipata. Vyumba sita, kuta imara, soko na kituo cha basi hatua chache. Inauzwa bei ya kutupa, maana wapangaji wamekimbia: maji hayapandi na choo kimeziba. Dalali akaniambia mzee, chukua kiwanja, kiwanja hakivuji. Nikamcheka kimoyomoyo. Miaka thelathini nimekuwa fundi bomba, ubovu ule ni kazi ya wiki moja.

Sasa usinikasirikie. Nilipokuwa nakagua, koki ya jikoni ilikuwa inatiririka. Ningeiachaje? Nikaikaza. Nikasikia bomba linakoroma ukutani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo kesho yake nikarudi na spana. Sasa maji yanapanda vyumba vyote na choo ni kizima. Wapangaji watatu wamerudi. Mwenye nyumba alipoona watu wamepanga foleni mlangoni, akapandisha bei kwa theluthi nzima. Dalali ananiita mfadhili. Mama yako hanisemeshi tangu jana.

Baba yako, mjinga wako

28 Machi

Baba,

Shikamoo tena, na pole kwa kununiwa. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nimelia kidogo, halafu nimecheka mpaka wauguzi wenzangu wakauliza kama nimepata mchumba. Umemkarabatia mtu nyumba bure ili atuuzie ghali.

Bei hiyo siiwezi bila mkopo, na mkopo ni miaka mingine minne huku. Achana nayo. Mabomba ya mtaa ule yaliwekwa pamoja, lazima iko nyingine iliyooza vilevile. Safari hii akague mama. Wewe usikanyage mpaka hati isainiwe. Tukiipata, vyumba vyote sita vikijaa, kodi ya mwaka mmoja itanitosha kurudi.

Mwanao anayekupenda hivyo hivyo

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na keti kwanza.

Tumenunua. Iko mtaa wa nyuma, vyumba sita, imeoza kuliko ile. Mama yako ameshusha bei mpaka mwenye nyumba akamwomba maji ya kunywa, na maji yenyewe hakuna. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, spana kaificha yeye. Wiki tatu, mwanangu. Nilikuwa nasikia harufu ya choo kilichoziba mpaka huko nilikosimama. Hati imehakikiwa ofisi ya ardhi, ina jina lako. Siku iliposainiwa nikaingia nikimbia, goti na yote.

Vyumba vitano vimejaa. Cha sita, kile chenye dirisha la mashariki, watu wanne wamekiulizia na wote nimewakatalia. Najua ni hasara, dalali kanieleza kama mtoto. Najua ulisema vijae vyote kwanza, halafu mwaka. Ila mimi nina miaka sitini na nane, na huo mwaka sitaki kuupoteza nikikusubiri. Pengo la kodi nitalijazia kwa kazi zangu, bado napata wateja.

Kitanda kimeshaingia. Mama yako amechagua pazia. Ufunguo ninao mimi, na simpi mtu mwingine.

Baba yako