Choroa wa ukutani, West Bay

Dada Zuhura, shikamoo.

Huku jua halina adabu. Maji ya bombani yanatoka chai, yamekosa majani tu.

Nimehamishiwa West Bay, mtaa wa maghorofa ya vioo, kulinda ukuta. Ndiyo, ukuta! Umechorwa choroa, wale swala weupe wenye pembe zilizonyooka kama njiti za mishikaki, ili watu wajue kwamba waliisha porini na sasa wanarudishwa jangwani kwao. Msimamizi kanichagua mimi kwa sababu, eti, Waafrika tumezoea wanyama. Mimi, mtoto wa Kariakoo, ninayemjua paka wa buchani tu!

Jana alasiri mama mmoja mwenye mwavuli akaniweka kando ya choroa anipige picha. Huku akipiga, akanieleza kwa uchungu kwamba wanyama hawa hufunguliwa msimu wa baridi tu, maana joto kama hili litawaua, na kwamba wamepandiwa miti wapate kivuli.

Nikamuuliza, "Na walinzi je, mama?"

Akacheka sana, akadhani namtania. Kisha akasema, "Sogea kidogo, kivuli chako kinamfunika mnyama."

Nikasogea, dada. Ningefanyaje?

Likizo yangu imekataliwa tena, eti hakuna wa kushika lindo langu. Wabusu watoto. Na Mama mwambie asichoke kuniombea, ila dua aibadilishe: aombe niote pembe, huenda na mimi nikarudishwa kwetu.

Mdogo wako,
Hamisi