Inchi Nilizodai Sake

Jumanne.

Na ni mimi, mwalimu wa hesabu, niliyemfokea muuzaji dukani pale mjini Sake, mbele ya wateja wake, kwamba ametuibia inchi za televisheni.

Nilikuwa nimepima upana wa kioo: inchi ishirini na nane. Boksi linasema thelathini na mbili. Muuzaji akanyoosha utepe kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Thelathini na mbili kamili.

“Mwalimu, njo vile banapimaka,” akasema, kwamba ndivyo televisheni zote hupimwa.

Nyumbani Papa, baba yangu, hakushangaa. “Hata miye, wakati niliuzisha shamba ya ku mulima, nilipima kufuata mutelemuko. Ikakuwa munene, kubwa kupita vile iko.”

Alicheka. Mimi bado.

Kesho nafundisha ulalo wa mstatili, ule mstari wa kona hadi kona, na binti wa muuzaji hukaa dawati la mbele.