Maji ya Matope Katika Gredi ya Tano

Mama,

Mihogo uliyopanda nyuma ya jikoni tumeichimba. Naanza na hilo kwa sababu lile ninalotaka kukuambia ni zito kuliandika.

Unakumbuka ulipokuja kuketi nyuma ya darasa langu hapa Amagoro? Nilikuwa nafundisha kuchuja. Watoto walinakili mchoro wangu ubaoni, wakaupaka rangi, nami nikajivunia. Tukirudi nyumbani ukasema, "Kazi safi, mwanangu. Lakini nani alifikiri pale?" Nikanuna hadi jioni.

Baada ya kukuzika niliwaonyesha watoto kikombe cha maji ya matope. Tuyasafishe vipi? Wakakisia ovyo. Na daftari zao zilikuwa na ule mchoro, nimeusahihisha mwenyewe. Nikaelewa: aliyefikiri nilikuwa mimi, nilipochora. Wao walichagua rangi tu. Wewe hupo. Ningemuuliza nani? Nilitaka kuacha kazi, Mama.

Jumatatu iliyofuata sikuchora kitu. Niliweka ndoo ya maji ya matope mezani, nikawaambia watafute njia. Kesho yake Amoit, yule mbishi niliyekusimulia, akaja na mrija wa babu yake wa kunywea ajono, pombe yetu ya wimbi, wenye kichujio nchani. Makapi ya wimbi hayapiti pale. Matope yalipita.

"Tundu ni kubwa," akasema.

"Weka mchanga," mwenzake akamwambia.

"Wewe! Unaosha uchafu na uchafu?"

Darasa likacheka. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani: "Mwalimu, hii ni darasa ama soko ya Malaba?"

Wakatoboa chupa, wakaweka mchanga. Maji yakatoka machafu kuliko mwanzo. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nikauma ulimi. Wakabishana, wakanuna, wakamwaga, hadi Amoit akauliza polepole, "Na tukiosha mchanga kwanza?"

Ungeyaona yale maji, Mama. Si ya kunywa, lakini kidole kilionekana upande wa pili wa gilasi. Amoit akaniambia tope limekwama katikati ya chembe za mchanga. Mchoro wangu haukumwambia hivyo. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi.

Siachi kazi. Kila zoezi nitakalowapa, nitalipitisha kwanza kwenye swali lako. Na jibu likinijia mdomoni kabla yao, nitalimeza.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Ndoo ninayo mimi.

Binti yako,
Asio