Eda Ndani ya Gari

Mjambere, Mombasa, 14 Juni 2024

Kwa wifi Jalila,

Assalamu alaikum. Sisi huku ndani wazima, ila Mama mguu wake ni uleule. Hali yako sina hamu ya kuijua, lakini adabu ni adabu: hujambo?

Nakuandikia barua, nawe uko hapo uwanjani mbele ya mlango wangu, kwa kuwa jana nilipokuja kukugongea ulinivutia pazia usoni. Haya, soma basi.

Toka kwenye hilo gari. Ndugu yangu Hashim kafa, Mungu amrehemu, na mjane wake anakaa eda garini kama kondakta anayengoja abiria! Mjambere nzima yatucheka. Watu waja kutoa pole, wauliza, "Jalila yuko chumba gani?" Niwaambie nini, yuko Nissan? Chumba nimekitandika tangu siku uliyorudi. Gari atalichukua mdogo wetu Rashad, alitie viti, apate riziki njia ya Malindi.

Sahani ya chakula nakuwekea kwa amri ya Mama. Usidhani ni mapenzi.

Wifi yako,
Swabra

*

Uwanjani kwenu, 16 Juni 2024

Kwa wifi Swabra,

Waalaikumu salaam. Sijambo, na hata ningekuwa na jambo nisingekwambia wewe. Mama mpe shikamoo yangu. Mwambie mchuzi wa papa ulikuwa mtamu.

Mjane hukaa eda katika nyumba aliyoishi na mumewe. Kamuulize shehe umtakaye. Mimi na Hashim tumeishi humu miaka mitatu. Kitanda kimo, jiko limo, tangi la maji limo, choo kimo, na kila msumari kaugonga Hashim kwa mkono wake kule karakana Changamwe. Nyumba yangu haina msingi, ina magurudumu. Ehe?

Chumba chenu nakijua, ndiko nilikoolewa. Ukitoka waulizwa wendapi. Ukirudi waulizwa ulikuwa wapi. Ukikata kitunguu vipande vikubwa, wasemwa mpaka Ijumaa. Humu tulikuwa tukiamka Hashim akiniuliza, "Leo kulia au kushoto?" Nikisema kulia, twaenda kulia. Tumechemsha chai Taita mlango wazi, baridi yaingia, twacheka. Tumelala kando ya ziwa Turkana, na hakuna binadamu aliyetuuliza kitu. Uhuru huo hujauonja, ndiyo maana wakuuma.

Na gari si mirathi. Ni mahari yangu! Siku ya nikaha ulikuwapo, ulicheka wewe na mashangazi zako mliposikia bwana harusi ametoa bodi la gari bovu lisilo injini. Lilipokuwa bovu mlilicheka, leo zima mwalitaka? Eda ikiisha naondoka nalo.

Wifi yako wa lazima,
Jalila

*

Mjambere, 3 Agosti 2024

Kwa Jalila,

Salaam. Mama anakusalimu. Mimi nakujibu tu.

Mahari nimekubali. Wallahi nilicheka siku ile. Lakini Rashad kaing'oa betri leo ulipokuwa ukisali, na lango nimelitia kufuli mimi. Nenda basi, tukuone. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Nakuchukia, na sababu naitaja. Umemzika ndugu yangu Marsabit, kwa watu wasiomjua. Kafa asubuhi, alasiri yuko mchangani, sisi twaambiwa kesho yake! Nani alimwosha? Nani alishuka naye kaburini? Mama hakumwona mwanawe. Mimi sikumwona ndugu yangu, na tumenyonya ziwa moja. Huo ndio uhuru wako: uliondoka na Hashim, ukarudi na gari. Halitoki hapa.

Swabra, dada wa marehemu

*

Uwanjani, 4 Agosti 2024

Kwa Swabra,

Waalaikumu salaam. Usingizi sina, chakula nala kwa kujilazimisha. Hali yangu ndiyo hiyo.

Aliyemwosha ni mzee mmoja mwenye duka, alimpaka karafuu maiti kutoka dukani kwake na hakutaka malipo. Watu wa pale walisema maiti hacheleweshwi, jua ni kali, na Mombasa ni safari ya siku mbili. Mwanamke mimi peke yangu, ningebishana na nani? Wanaume nisiowajua ndio waliombeba mume wangu, nami nimesimama mbali, mkono kinywani.

Kabla ya hapo nilikupigia wewe. Simu yangu haikupata mtandao, nikaazima ya yule mzee. Ikaita. Nikapiga tena, ukakata. Hupokei namba usiyoijua, ukoo mzima wajua. Nilitaka kukuuliza: nimzike, au niwangoje? Nikakungoja mpaka adhuhuri, kisha nikaamua peke yangu.

Betri kaeni nayo. Mimi nitakaa humu mpaka gari liote nyasi.

Wifi yako, utake usitake,
Jalila

*

Mjambere, 9 Oktoba 2024

Kwa wifi Jalila,

Assalamu alaikum. Miezi miwili hatujaandikiana, lakini sahani zarudi zimeoshwa, kwa hiyo najua u hai.

La simu usinitajie tena. Maishani.

Kesho eda yako yaisha. Wanawake wa mtaani watakuja asubuhi kukusomea dua. Nguo mpya Mama kakununulia, ya zambarau, mimi sikuulizwa. Rashad yuko Lunga Lunga. Akirudi atapiga kelele, na kelele za Rashad tumezizoea. Betri ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Mama, na Mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Fundi Menza atakuja kuifunga leo alasiri, usimtokee.

Dua ikiisha, lango nitalifungua mimi. Kisha napanda. Unanipeleka Marsabit. Mama mguu haumruhusu. Kaniambia nimsomee mwanawe Fatiha kwa niaba yake, naye atakaa na jirani Mwende mpaka nirudi.

Usije ukadhani yamekwisha. Nakuchukia bado. Njiani usinisemeshe, sikusemeshi. Kitanda nalala mimi, wewe lala kiti cha mbele.

Tukifika, utanionyesha pale uliposimama siku ile. Nami nitasimama papo hapo.

Wifi yako,
Swabra