Ushanga Kwenye Pindo la Leso

Mjukuu wangu Salma,

Bado nausikia mlio wa ushanga ulipogonga chekeche kwenye machimbo ya mabaki ya kale. Hapa Siyu hatujambo, mama yako anakusalimu.

Umeuliza kama watu wa kwanza wa visiwani walijipamba. Naam. Ushanga ule wa kombe ulikuwa na tundu lililolainishwa na uzi. Niliutamani, nikaufunga kwenye pindo la leso.

Bi Zena, tuliyechekecha naye udongo, akaliona fundo. “Leso yako ina mimba, shoga?”

Nilicheka, nikalifunika fundo kwa kiganja. Aliyeuvaa aliacha alama hiyo moja tu, nami nilikuwa nimeificha.

Jana nilimrudishia mkuu wa uchimbaji ushanga wake, nikamwonyesha shimo nilipoutoa. Kazi sina tena.

Bibi yako kwa ukoo, si kwa mvi,
Mwanaidi