Fimbo Tatu za Baba

Kaka Colter,

Huku Montana theluji imeanza, na msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi. Mkono wa Baba sasa unatetemeka hata akishika kikombe, lakini hataki tuseme. Nikamtengenezea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, za kuegemezea bastola yake ya kuwindia, nikadai ni zangu. Nilizikata zimfike kidevuni akiketi chini.

Alipoziona akacheka. "Wewe kinda, umerefuka lini hivyo?"

Tangu hapo situlii, nashika hiki naacha kile.

Leo asubuhi nimezikuta mlangoni. Amezipunguza inchi nne, sasa zinanifika mimi kidevuni nikiketi. Kando ameniwekea bastola yake, imepakwa mafuta.

Njoo kabla ya Jumamosi. Wewe atakusikiliza. Mimi sitaki kuwinda bila yeye.

Mdogo wako,
Maren