Usipa Wangu Uliimba Msibani

Lundo, Jumanne jioni

Sikujua kufuta. Hilo tu ningemwambia jirani yangu Mama Agnes, lakini leo nimeshindwa hata kumtazama.

Alfajiri nilipiga picha usipa wangu, dagaa wa ziwa letu, ukikauka kichanjani nikauweka status, kama mwanangu Neema alivyonielekeza, wateja wa Mbinga wauone. Nikaweka na wimbo wa kucheza. Nilifurahi mwenyewe. Saa mbili tukasikia kilio kwa Mama Agnes. Mumewe, Baba Agnes, amefia ziwani.

Msibani shangazi yake Agnes alinigeukia pale mkekani. "Mama Neema, ngoma yako tumeisikia. Sisi tunalia, wewe unauza."

"Niliweka kabla sijajua, shangazi."

"Na mbona bado inaimba?"

Nikaitoa simu tena. Nilikuwa nimebonyeza kila mahali, haitoki. Neema yuko Songea, hapatikani.

Sasa nimeangalia walioiona. Watu wanne wameuliza bei. Katikati yao lipo jina la Mama Agnes, saa nne asubuhi. Hakuandika neno.

Na usipa ule aliuvua mumewe.

Sitawajibu hao wa bei. Kesho nitaubeba wote niupeleke msibani, wapikiwe waombolezaji. Sijui kama Mama Agnes ataupokea.